Kuita Mnyama kwa Sauti: Niliyoyasikia Mwanza

Wanachama wenzangu,

Katika mkutano mmoja wa tawi letu, msimu wa karafuu ukiwa ukingoni, kulizuka maneno mengi juu ya paa. Mwenzetu mmoja alilalamika kwamba kunde zake, alizozipanda kati ya miche ya mikarafuu, zimeliwa majani yote usiku mmoja. Mwengine akasema kwamba dawa ya paa ni mbwa na nyavu. Wa tatu, ambaye aliwahi kukaa bara, akasema kwamba hapana haja ya mbwa wala nyavu. Huko bara, alisema, yuko mtu ambaye akikaa chini ya mti, akabana pua yake na kulia, mnyama huja mwenyewe mpaka karibu na miguu yake. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, walakini neno lile halikunitoka moyoni.

Ikatokea kwamba baada ya karafuu zangu kukauka na kupimwa nalikuwa na safari ya Mwanza, kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Nikasema moyoni: hapa ndipo pa kuulizia. Basi haya ninayoyaandika ni yale niliyoyaona na kuyasikia, pamoja na yale niliyoyasoma nilipokwisha rudi. Nimeona yafaa kuyaleta mbele yenu, kwa sababu jawabu nililolipata silo nililolitazamia.

MWANZA NA VISIWA VYAKE

Mwanza ni mji wa mawe. Majabali makubwa yamepandana juu ya vilima na hata ndani ya maji, kama magunia ya karafuu yaliyopangwa bandarini yakisubiri meli. Mtu wa kisiwani akifika huko hujiona yuko kwao, maana mbele yake ni maji mpaka upeo wa macho, na majahazi, na harufu ya samaki. Ila akionja maji hayo hayana chumvi, ndipo akumbukapo kwamba yuko mbali na bahari.

Karibu sana na mji kipo kisiwa kidogo kiitwacho Saanane, jina la Bwana Saanane Chawandi aliyekuwa akikaa hapo zamani. Mwaka 1964 kisiwa hicho kilifanywa bustani ya wanyama, nayo ilikuwa ya kwanza katika nchi, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Kwenda huko ni mwendo mfupi tu wa mashua. Kuna pimbi waotao jua juu ya mawe, na kuna swala pala ambao mtu huweza kuwatazama kwa utulivu. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza sauti ya pala dume. Nilidhani ni simba! Mnyama yule mzuri, mwenye miguu myembamba kama vijiti, alinyoosha shingo akatoa mngurumo mzito, akakoroma, akawafukuza wenziwe. Mlinzi akaniambia kwamba hiyo ndiyo sauti ya dume anayewataka majike na kuwaonya madume wenziwe.

Mbali zaidi, upande wa kusini magharibi ya ziwa, kiko kisiwa kikubwa cha Rubondo, ambacho kimekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Huko waliletwa wanyama wengi kutoka nje katika miaka ya 1960 na ya 1970, wakiwamo twiga, tembo na sokwe. Lakini mwenyewe hasa wa kisiwa hicho ni nzohe. Huyu ni jamaa wa pongo, nywele zake ndefu, na kwato zake ndefu zilizopanuka, hata aweza kutembea juu ya matope na matete pasipo kuzama. Akitishwa hujitosa majini, akaficha mwili wote na kuacha pua tu nje. Usiku hubweka, na mgeni asiyejua hudhani ni mbwa wa wavuvi.

Nayataja haya ili tufahamu jambo la kwanza katika habari hii, nalo ni kwamba wanyama wa jamii ya paa na swala si mabubu kama wengi wetu tunavyodhani. Husema, na kila sauti ina maana yake.

MWENYE KUJUA MWITO

Shemeji yangu alinipeleka kwa mzee mmoja wa Kisukuma, katika kijiji kilicho karibu na ziwa, ambaye ujanani mwake aliwinda kwa leseni katika vichaka vya upande ule. Tulifika asubuhi. Shemeji alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," naye akaitikia vivyo hivyo, mimi nikasema, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Karibu, mgeni wa kutoka baharini."

Nilipomweleza haja yangu hakucheka. Alimwambia mjukuu wake anyamaze, akabana pua kwa vidole viwili, akafungua mdomo kidogo na kutoa sauti nyembamba ya puani, ya kuvuta, yenye kutetemeka mwishoni. Mbuzi waliofungwa nyuma ya nyumba waliinua vichwa vyao wote kwa mara moja.

"Hiyo ni sauti ya nani, mzee?" nikamwuliza.

"Ni ya mtoto wa nsya," akasema. "Mtoto aliyeshikwa."

Wasomaji wasiomjua nsya wafahamu kwamba ni paa wa bara, mkubwa kidogo kuliko paa wetu wa visiwani, rangi yake kama majani makavu, naye hukaa peke yake au wawili wawili katika vichaka na nyasi. Mzee alinieleza kwamba sauti za wanyama hawa zagawanyika mafungu manne, na mwindaji asiyezijua zote nne heri abaki nyumbani.

Fungu la kwanza ni sauti ya hadhari: pongo hubweka kwa ukali, nsya hupiga mluzi wa puani, pala hukoroma. Mtu akiiga sauti hii wanyama hukimbia, haifai kuitia. Fungu la pili ni sauti ya dume wakati wa kupandana, kama ile ya pala niliyoisikia Saanane. Hii huwavuta madume wenye hasira na husikika mbali, lakini nje ya wakati wake haina kazi. La tatu ni sauti ya kuitana, mama na mtoto wake, nayo ni ya chini mno, hata mtu aliye hatua kumi haisikii. La nne ni sauti ya dhiki, yaani kilio cha aliyekamatwa. Hiyo ndiyo iletayo mnyama kwa upesi kupita zote.

JINSI YA KUITA

Niliyaandika maelezo ya mzee papo hapo, nami nayapanga hapa kwa mafungu ili yasomeke kwa wepesi. Hata kwa mtu asiyewinda, ambaye ataka tu kumwona mnyama au kumpiga picha, yana faida.

1. Upepo. Kabla ya kufungua mdomo, tazama upepo watoka wapi. Mnyama aliyeitwa mara nyingi haji moja kwa moja. Huzunguka ili apate harufu ya pale sauti inapotoka. Akiipata harufu ya mtu, kazi imekwisha.

2. Wakati. Asubuhi mapema na jioni, hewa ikiwa imetulia. Mchana wa jua kali mnyama amelala, na siku ya upepo mwingi sauti hupotea.

3. Mahali. Kaa pembezoni mwa kichaka, kivulini, mahali ambapo mnyama aweza kukukaribia bila ya kutoka uwanjani. Paa hapendi kuvuka peupe. Na ukisha kaa usijitikise, kwani jicho lake huona mtikisiko kabla ya kuona umbo.

4. Kiasi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wakoseapo. Mtu aita, aita, aita, kama anayenadi samaki sokoni! Mtoto wa mnyama hawezi kulia hivyo. Lia mara tatu au nne, kisha nyamaza. Ngoja. Lia tena kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza, kana kwamba nguvu zinakwisha. Halafu ngoja robo saa kabla ya kuondoka, maana yawezekana mnyama yu karibu, amesimama kimya nyuma ya jani anakutazama.

5. Kurudia. Usiite mahali pamoja siku mbili zikifuatana. Mnyama aliyedanganywa akaokoka hadanganyiki tena kwa upesi, na mahali palipozoewa na wawindaji mwito haufui dafu.

6. Mgongo wako. Uweke kwenye mti mkubwa au jabali. Kilio cha mtoto wa paa hakisikiwi na mama yake tu. Chui naye husikia, naye huja kimya kuliko wote. "Mimi nilimwita nsya," mzee alisema, "akaja chui. Tulitazamana. Nilisimama taratibu, nikarudi kinyumenyume, wala sikukimbia. Siku ile niliacha kukaa uwanda mtupu."

Wanachama wenzangu, karafuu ina siku zake: ukiichuma mapema haina uzito, ukiichelewesha ikafunguka yawa mpeta, thamani yake imekwenda. Nilipomsikiliza mzee niliona kwamba mwito nao ni vivyo hivyo. Sauti yenyewe si kitu kigumu, hata mtoto aweza kujifunza kwa siku mbili; ugumu ni kujua saa yake na kujua kunyamaza.

WATU WA NCHI NYENGINE

Nisije nikadhaniwa kwamba nasimulia mambo ya kijiji kimoja, yafaa nieleze kuwa ufundi huu uko duniani kote. Katika misitu mikubwa ya Kongo, Kameruni na Gabon wawindaji hubana pua na kulia vivyo hivyo, na paa wa msituni huja mpaka hatua chache.

Ulaya hakuna paa wetu, bali wako ayala, ambao pembe zao huanguka kila mwaka zikaota upya. Ayala mwekundu dume hunguruma mwezi wa Septemba na Oktoba, na wawindaji wa Ujerumani humwigiza kwa pembe ya ng'ombe, au kwa kome kubwa la baharini lililotobolewa, na wengine hata kwa kigae cha taa. Tena hufanya mashindano ya kuona nani aigaye vyema. Yuko na ayala mdogo wa huko, ambaye huitwa mwezi wa Julai na Agosti kwa jani la mti lililoshikwa baina ya vidole gumba viwili na kupulizwa. Hutoa mlio mwembamba kama wa jike au wa mtoto.

Huko Kanada ayala mkubwa kuliko wote, mwenye pembe pana kama sinia, huitwa kwa gamba la mti lililokunjwa kama tunavyokunja karatasi ya kuuzia njugu. Nao Wamarekani huchukua pembe mbili kavu wakazigonganisha, kama madume mawili wapiganao, hasa mwezi wa Novemba, na dume wa tatu huja mbio kutazama ugomvi.

Wala si mzaha tu wa wawindaji. Mwaka 1987 mtaalamu Karen McComb alionyesha kwamba majike ya ayala wekundu yaliyosikilizishwa mingurumo ya madume yaliingia katika joto mapema kuliko yale yasiyosikilizishwa. Maana yake sauti ile haiishii masikioni. Huingia mwilini ikafanya kazi. Mtu aigaye sauti ya mnyama ameshika jambo zito kuliko anavyodhani.

Nadhani ndiyo sababu nchi nyingi zimeweka mipaka. Mkataba wa Bern wa mwaka 1979, uliofanywa na mataifa ya Ulaya, umevitaja vinasa sauti miongoni mwa vyombo vilivyokatazwa kuwindia, na majimbo mengi ya Marekani hayaruhusu kumwita ayala kwa mashine. Mdomo wa mtu huchoka. Mashine haichoki, yaweza kulia msituni usiku kucha. Na katika Tanzania Bara hapana ruhusa ya kuwinda pasipo leseni, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na ndani ya Hifadhi za Taifa kama Saanane na Rubondo hapawindwi hata kidogo.

ALIYEKUJA NI NANI?

Nilipofikiri kwamba mazungumzo yamekwisha nilifunga daftari langu, nikamshukuru mzee. Nikamwuliza, kwa kumaliza tu, iwapo bado huita.

Alikaa kimya kidogo, akasema, "Funga daftari, mwanangu, lakini fungua masikio. Nimekueleza kuita. Sijakueleza nani anayekuja."

Ndipo aliponisimulia ya kwamba jioni moja, baada ya mvua za kwanza, aliita kando ya mto mkavu. Hakungoja hata dakika mbili. Nsya alitoka kichakani, wala hakuja kwa kunyatia kama ilivyo kawaida yao. Alikuja mbio, kichwa mbele, hakutazama upepo wala mtu. Mzee akapiga risasi. Alipomfikia akaona ni jike, na chuchu zake zimejaa maziwa. Maziwa yale yalikuwa yakitoka.

"Nilimtafuta mtoto mpaka giza likaingia," akasema. "Wao huwalaza watoto wao majanini, na mtoto ameumbwa asitikisike mpaka mama arudi. Nilipita, labda nilipita karibu naye kabisa. Nilirudi asubuhi. Sikumwona. Wakati wote huo mimi nilikuwa najua ile sauti ni ya nini. Nilikuambia mwenyewe, ni ya mtoto aliyeshikwa. Sasa nilitazamia nani aje? Baba wa watu?"

Tangu siku ile hakuwinda tena kwa sauti hiyo. Aliendelea miaka michache kwa kufuata nyayo, kisha akaacha kabisa.

Wahenga walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nami niliporudi nyumbani nilisoma habari iliyonifanya niikumbuke methali hiyo. Mwaka 2014 wataalamu wawili, Susan Lingle na Tobias Riede, walieleza majaribio waliyoyafanya Kanada. Waliweka kipaza sauti uwandani, wakawasikilizisha ayala majike vilio vya watoto wa wanyama wa namna nyingi: watoto wa sili, watoto wa paka, hata kilio cha mtoto mchanga wa binadamu. Maadamu sauti ilikuwa na wembamba uliokaribiana na wa mtoto wa ayala, majike yalikimbilia kipaza sauti. Hayakusita kuuliza ni mtoto wa nani.

Basi hiyo ndiyo siri ya mwito. Haufanyi kazi kwa kuwa mnyama ni mpumbavu, bali kwa kuwa ni mzazi. Na kila fundi anavyozidi kuliiga lile lio sawasawa, ndivyo anavyozidi kumwita yule ambaye msitu hauwezi kumkosa. Dume mmoja akiuawa, dume mwengine hushika nafasi yake. Jike mwenye maziwa akiuawa, wamekufa wawili, na yule wa mwaka ujao wa tatu.

MWITO MWENGINE

Mzee hakutaka tuondoke na huzuni. Aliagiza tuletewe uji, akatuambia kwamba uko mwito mmoja ambao haumdhuru anayeitwa, nao ni wa mlembe, yule ndege mdogo awaongozaye watu kwenye asali. Upande wa mashariki, ukipita nchi ya Wasukuma kufika Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao humpigia mluzi. Ndege akisikia huja, akalia mbele yao, akaruka mti hata mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki. Mtu hutoa moshi, hupasua mti, hupata asali. Ndege hupata nta, ambayo ni chakula chake.

Jambo hili nalo limepimwa. Huko Niassa, kaskazini ya Msumbiji, Wayao humwita ndege huyo huyo kwa sauti ya kutetemesha ulimi inayomalizika kwa mguno. Mwaka 2016 iliandikwa kwamba mtu aitaye kwa sauti hiyo huongozwa na ndege mara mbili zaidi kuliko atoaye sauti nyengine yoyote. Na kupata asali kwa kuongozwa hivyo, kutoka mara 16 katika mia, kulipanda hata mara 54. Mwaka 2023 ikaonekana tena kwamba ndege wa upande wa Wahadzabe huitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao, na wa Niassa vivyo hivyo hupenda sauti ya kwao. Maana yake ndege amejifunza lugha ya jirani zake, kwa kuwa kila walipomwita hakutoka mikono mitupu.

Huo ni mwito wa kweli. Anayeita na anayeitwa wote hula.

SISI HUKU VISIWANI

Sasa nirudi kwetu, maana ndiko nilikotokea na ndiko mlikonitazamia.

Sisi tunao paa wetu. Pemba yuko chesi, mdogo kabisa, ambaye mkubwa wake hapati urefu wa goti la mtu sana. Unguja yuko paa nunga, ambaye jina lake la kitaalamu limetokana na Dokta Aders aliyekuwa mtaalamu wa viumbe wa Serikali ya Unguja. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1918. Paa nunga hapatikani duniani ila Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Mapema katika miaka ya 1980 ilikadiriwa kwamba Unguja wako 5,000 hivi. Mwaka 1999 hesabu ilikuwa imeshuka mpaka kama 600. Wachache walipelekwa kisiwa cha Chumbe ili mbegu isipotee.

Wao hawakumalizwa na mwito. Walimalizwa na nyavu, mbwa, bunduki na ukataji wa misitu. Desturi ya msasi wa kwetu ni ya kelele: watu hujipanga, mbwa huachiwa, kila mtu hupiga ukelele, na paa hukimbilia nyavuni. Watu hudhani kelele na mwito ni mambo mbali mbali. Lakini mwisho wake ni mmoja ikiwa hakuna anayetazama aliyeanguka ni nani. Mbwa hachagui jike na dume, wala wavu hauulizi mwenye mtoto.

Mwenzetu aliyepoteza kunde zake ana haki ya kulalamika, wala simpuuzi. Kunde ni chakula cha watoto wake. Lakini natoa shauri lifuatalo kwa wanachama wote.

Kwanza, kunde, viazi na mboga zipandwe karibu na nyumba, ambako paa huogopa kufika, na miche ya mikarafuu iliyo mbali izungushiwe ua mdogo mmoja mmoja. Mimi nimetumia fito na makuti makuukuu, urefu wa kiuno cha mtu. Kazi ya siku tatu kwa miche arobaini, na mpaka leo mche uliozungushiwa haujaguswa.

Pili, kabla ya kumtupia paa lawama tutazame nyayo na meno. Panya na mbuzi wa majirani hula pia, na mbuzi ana mwenyewe ambaye twaweza kuzungumza naye.

Tatu, tusiruhusu msasi wa nyavu na mbwa katika mashamba yetu. Sheria ya Misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 ipo, na maofisa wa Idara ya Misitu wapo. Mwenye kuona watu wa nyavu awapelekee habari, wala asiwakabili peke yake.

Nne, ule mwito wa kubana pua usipotee. Katika misitu ya Afrika ya Kati wataalamu wameutumia kuhesabu paa: huita, hungoja, huandika wangapi wametokea, kisha huondoka kimya. Iwapo Idara itapenda kuhesabu paa katika mashamba ya wanachama, yafaa tuwasaidie. Ila mtu asiite kwa mchezo kila jioni, kwani kila anapoita yuko mama anayeacha malisho yake na kuja mbio kwa hofu.

Wiki mbili baada ya kurudi, nilikwenda shambani alfajiri, penye mikarafuu ya zamani karibu na bonde. Upepo ulikuwa ukinijia usoni. Nikakaa chini, mgongo kwenye shina, nikabana pua kama nilivyofundishwa, nikalia mara tatu. Nilijiona mpumbavu. Nikangoja.

Akatoka. Alikuwa chesi mmoja, si mkubwa kuliko paka aliyenona, akasimama hatua sita kutoka nilipokaa, miguu ikimtetemeka. Alinitazama, akatazama kando yangu, akatazama nyuma yangu. Nilifahamu kwamba alikuwa akimtafuta mtoto. Sikujua la kufanya ila kukaa kimya mpaka aliporidhika kwamba hayupo, akageuka akaenda zake taratibu bondeni.

Sijaita tena. Mwenzetu aliyetuchekesha mkutanoni alisema kweli tupu, nami namwomba radhi kwa kumcheka. Mkutano ujao wa tawi nitaleta mfano wa ule ua wa fito na makuti, na atakaye kuona jinsi unavyofungwa aje mapema.

Wasalaam,

Mwanachama mwenzenu, Pemba